Maisha ya Profesa Röntgen, Mgunduzi wa Eksirei

Mhariri wa gazeti letu la shule ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani. Nadhani wengi wenu mlitazamia kwamba ningechagua mfalme, au jemadari, au msafiri aliyevuka mito na misitu. Mimi nafundisha fizikia, na kwa hiyo nimemchagua mwalimu mwenzangu wa fizikia. Jina lake ni Wilhelm Conrad Röntgen, Mjerumani, aliyegundua miali ile tunayoiita eksirei.

Ninayo sababu nyingine pia. Hapa Manundu kijana akianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mkono, neno la kwanza la daktari ni kwamba apigwe picha. Mzee akikohoa mwezi mzima, hupigwa picha ya kifua. Mama akiona uvimbe katika titi lake, naye siku hizi huambiwa habari ya picha. Picha zimekuwa jambo la kawaida hata hatuulizi tena zilitoka wapi. Basi wasomaji wapenzi, wanafunzi pamoja na wazazi wenu, nawaomba mnifuate polepole, maana habari hii inaanzia mbali sana na Korogwe, lakini mwisho wake unafika mpaka majumbani mwetu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi mwaka 1845 katika mji mdogo wa Lennep huko Ujerumani. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 3, wazazi wake walihamia Uholanzi, katika mji wa Apeldoorn, na huko ndiko alikokulia.

Msidhani kwamba alikuwa mtoto wa ajabu darasani. Walioandika habari zake wasema kwamba hakuonyesha akili ya kupita wenzake. Alipenda kutembea porini na msituni, na alikuwa na mikono myepesi ya kutengeneza vyombo vidogo vidogo. Mikono hiyo ndiyo iliyomfaa baadaye, kwa sababu maisha yake yote alizoea kuvitengeneza mwenyewe vyombo vyake vya majaribio.

Mwaka 1862 aliingia shule ya ufundi katika mji wa Utrecht. Hapo lilimpata jambo ambalo wanafunzi wetu wataka kulisikia. Mwenzake mmoja alichora picha ya kumdhihaki mwalimu wao. Mwalimu alipoingia akaiona, na Röntgen akakutwa karibu nayo akicheka. Akaulizwa ni nani aliyeichora. Röntgen alimjua mchoraji, lakini alikataa kabisa kumtaja. Basi akafukuzwa shule yeye, ambaye hakuchora hata mstari mmoja.

Sisemi hapa kwamba ni vizuri kuwachora walimu, na wenzangu wa chumba cha walimu wasinielewe vibaya. Nataka muone jinsi jambo hilo dogo lilivyomfunga njia kwa miaka mingi. Kwa kuwa alitoka shuleni bila cheti, milango ya vyuo vikuu ilikuwa imefungwa mbele yake. Alihudhuria masomo huko Utrecht kwa muda, lakini si kama mwanafunzi kamili. Kisha akasikia kwamba chuo cha ufundi cha Zürich, nchini Uswisi, humpokea mtu yeyote atakayeushinda mtihani wake wa kuingilia, hata kama hana cheti. Akaenda, na mwaka 1865 akaanza kusoma uhandisi wa mitambo. Mwaka 1868 akapata diploma, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari wa falsafa.

Huko Zürich alikutana na mambo mawili yaliyoyageuza maisha yake. La kwanza ni mwalimu wake wa fizikia, August Kundt, aliyemchukua awe msaidizi wake. La pili ni binti mmoja aitwaye Anna Bertha Ludwig, ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Walioana mwaka 1872. Hawakujaliwa kupata mtoto wa kumzaa, lakini walimlea mtoto wa kaka yake Bertha tangu akiwa na miaka 6, na baadaye wakamfanya mtoto wao halali.

MLANGO ULIOFUNGWA WAFUNGULIWA

Mwaka 1870 Röntgen alimfuata Kundt katika Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Aliomba ruhusa ya kufundisha huko. Chuo kikamkatalia kwa sababu ileile ya zamani, yaani hakuwa na cheti cha kumaliza shule. Hakugombana nao. Akaenda na Kundt mpaka Strassburg, akafanya kazi yake kwa bidii na kuandika maarifa aliyoyapata, na mwaka 1874 akapewa haki ya kufundisha. Mwaka uliofuata akawa profesa huko Hohenheim, na mwaka 1879 akawa profesa huko Giessen.

Hata mwaka 1888 kile Chuo Kikuu cha Würzburg kilichomkatalia kikamwita kije kuwa chake. Kikamfanya profesa na mkuu wa nyumba yote ya fizikia. Mwaka 1894 walimu wenzake wakamchagua kuwa mkuu wa chuo kizima. Mtu aliyekataliwa kwa kukosa karatasi sasa ndiye aliyetia sahihi karatasi za wengine. Mwanafunzi aliyeanguka katika mtihani mmoja na kudhani kwamba maisha yake yamekwisha, na aisome sehemu hii mara mbili.

USIKU WA TAREHE 8 NOVEMBA 1895

Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wakichunguza jinsi umeme unavyopita ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa karibu hewa yote. Röntgen naye alikuwa nayo chupa ya namna hiyo. Jioni ya Ijumaa tarehe 8 Novemba 1895 aliifunika chupa kwa karatasi nene nyeusi, hata mwanga usiweze kutoka kabisa, akakitia chumba giza, kisha akapitisha umeme.

Mara akaona kitu kinang'aa gizani, mbali kidogo na chupa. Ilikuwa karatasi iliyopakwa dawa fulani yenye bariamu na platinamu, ambayo hung'aa ikipigwa na mwanga. Lakini mwanga gani, na chupa imefunikwa? Akazima umeme, karatasi ikafifia. Akawasha, ikang'aa tena. Akaisogeza mbali, bado iling'aa. Akafahamu kwamba kuna miali inayotoka katika ile chupa, isiyoonekana kwa macho, na inayopita katika karatasi nyeusi kama vile mwanga upitavyo katika kioo cha dirisha.

Wengine huenda walikuwa wameiona dalili hiyo kabla yake wasiijali. Yeye alijifungia katika maabara karibu majuma 7, akala humo na kulala humo. Alijaribu kitu kimoja baada ya kingine. Kitabu kinene cha kurasa 1,000 hakikuizuia miali. Ubao uliipitisha, na aluminiamu nyembamba iliipitisha pia. Madini ya risasi yaliizuia kabisa. Alipouweka mkono wake katika njia ya miali aliona kivuli cha nyama kikiwa chepesi, na ndani yake vivuli vyeusi vya mifupa yake mwenyewe. Kwa kuwa hakuijua ilikuwa miali ya namna gani, aliiita miali ya X, kwa maana katika hesabu herufi hiyo ndiyo alama ya kitu kisichojulikana. Jina la eksirei limetoka hapo.

Tarehe 22 Desemba alimwita mke wake maabarani, akamwomba auweke mkono wake juu ya bamba la picha, akaupiga miali kwa muda wa dakika 15. Picha iliposafishwa ilionekana mifupa ya vidole vya Bertha, na pete yake ya ndoa ikining'inia katika mfupa mmoja. Yasemekana mama huyo aliogopa, kana kwamba ameyaona mauti yake. Picha hiyo ipo mpaka leo.

Tarehe 28 Desemba Röntgen alipeleka maandishi yake kwa chama cha wataalamu wa Würzburg, na mwanzo wa Januari 1896 magazeti yakaieneza habari hiyo duniani kote.

Hebu tujiulize hapa kwetu palikuwaje mwaka huo. Nchi yetu ilikuwa imetawaliwa na Wajerumani haohao. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1893, lakini mwaka 1895 ilikuwa haijafika hata Muheza. Huku Korogwe ilifika mwaka 1902. Mkonge, ambao leo twauona kila upande, ulikuwa umepandwa karibu na Pangani miaka 2 tu kabla yake.

MIALI YATUMIKA, NA YAUMIZA

Madaktari hawakungoja. Mwezi uleule wa Januari 1896 palikuwa na waliokwisha kuitumia miali kutafuta sindano au risasi zilizoingia mwilini. Hata barani Afrika ilifika mapema. Mwaka 1898, katika vita vya Waingereza huko Sudani, daktari wa jeshi aitwaye Battersby alikuwa na mashine ya eksirei jangwani. Mahali pale hapakuwa na umeme, kwa hiyo askari walipanda baiskeli ya watu wawili, wakaikanyaga kwa nguvu ili kuzungusha mtambo wa kufanya umeme. Kwa njia hiyo daktari aliziona risasi zilizokwama katika miili ya majeruhi.

Lakini kila chombo chenye nguvu kina hatari yake. Watu wa kwanza waliitumia miali bila kujikinga. Wengi waliungua ngozi, wakakatwa vidole na mikono, na wengine wakafa kwa saratani iliyoletwa na miali yenyewe. Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikufa kwa sababu hiyo mwaka 1904. Leo mpiga picha hujificha nyuma ya ukuta wenye risasi, na kipimo cha miali kimepunguzwa sana. Ndiyo maana pia daktari mwema hatoi picha kama peremende. Huitoa pale penye haja.

HESHIMA, UMASKINI NA KIFO

Matajiri walimtaka Röntgen aiandikishe haki ya ugunduzi wake, ili kila atakayetengeneza mashine amlipe fedha. Akakataa. Aliamini kwamba mambo yanayogunduliwa katika vyuo vikuu ni mali ya watu wote. Laiti angefanya kinyume, angekuwa tajiri mkubwa, na huenda mashine zingechelewa miaka mingi kufika kwa maskini. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa duniani, na fedha zake akakipa Chuo Kikuu cha Würzburg zisaidie elimu. Alipotakiwa kuingizwa katika ukoo wa watu wakubwa wa Bavaria na kuongezewa neno la heshima katika jina lake, hakutaka.

Nisimfanye malaika. Mwaka 1914, vita vikuu vilipoanza, alitia sahihi yake pamoja na wataalamu wengine 92 katika tangazo la kuitetea serikali ya Ujerumani, tangazo ambalo lilikanusha mabaya yaliyokuwa yametendwa kweli huko Ubelgiji. Mtu mwenye macho makali katika maabara aweza kutoona vizuri nje ya maabara.

Tangu mwaka 1900 alikuwa profesa huko München. Mke wake Bertha aliugua muda mrefu, na Röntgen alimwuguza mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 1919. Baada ya vita fedha ya Ujerumani ilipoteza thamani vibaya sana, na mzee huyo akapoteza akiba yake. Alikufa huko München tarehe 10 Februari 1923 kwa saratani ya utumbo, naye alikuwa na umri wa miaka 77. Alizikwa Giessen, karibu na wazazi wake na mke wake.

KAZI ILIYOENDELEA BAADA YAKE

Mngeweza kudhani kwamba habari yaishia kaburini. Kwangu mimi sehemu hii ndiyo kubwa zaidi, maana inahusu ugonjwa unaowaua mama zetu na dada zetu, yaani saratani ya matiti.

Mwaka 1913, Röntgen akiwa bado hai, daktari mpasuaji wa Berlin aitwaye Albert Salomon alitangaza kazi aliyofanya kwa matiti yapatayo 3,000 yaliyokuwa yamekatwa kwa wagonjwa. Aliyapiga picha ya eksirei, kisha akalinganisha picha na nyama yenyewe. Akaona kwamba mara nyingine saratani huacha alama ya chembe ndogo ndogo za chokaa, ndogo kuliko punje ya chumvi. Salomon alikuwa Myahudi. Utawala wa Hitler ulimfunga, akakimbilia Uholanzi, na binti yake Charlotte, aliyekuwa mchoraji hodari, aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Mbegu aliyoipanda haikufa. Mwaka 1949 Raul Leborgne wa Uruguay alionyesha kwamba titi likibanwa taratibu picha huwa safi zaidi, na mwaka 1960 Robert Egan wa Marekani akatangaza njia ya kupata picha zinazoaminika. Njia hiyo ndiyo mamografia.

Lakini eksirei ina udhaifu mmoja. Katika picha yake mafuta ya titi huonekana meusi, na saratani huonekana nyeupe. Kwa mama mtu mzima, ambaye titi lake lina mafuta mengi, doa jeupe huonekana haraka. Kwa mwanamke kijana, titi limejaa nyama nzito ya tezi za maziwa, nayo tezi huonekana nyeupe vilevile. Kuitafuta saratani hapo ni kama kumtafuta mtu mwenye kanzu nyeupe katika ukungu wa Lushoto asubuhi ya mwezi wa Julai. Yupo, lakini humwoni.

Hapo ndipo chombo cha pili kilipohitajiwa. Mwaka 1952 John Wild na John Reid, waliofanya kazi Minnesota huko Marekani, walitangaza picha za titi zilizofanywa kwa mawimbi ya sauti. Ninyi mnajua mwangwi. Ukisimama bondeni ukapiga kelele, mlima hukurudishia sauti yako. Altrasaundi hutumia sauti kali mno isiyosikika kwa sikio, ikiingia mwilini na kurudi. Uvimbe uliojaa maji hupitisha sauti, nao huonekana mweusi mtupu. Uvimbe wa nyama hurudisha mwangwi. Kwa hiyo swali ambalo eksirei haiwezi kulijibu, kwamba doa hili ni maji au ni nyama, altrasaundi hulijibu kwa dakika chache. Tena haina miali ya kudhuru. Lakini nayo ina upofu wake: zile chembe za chokaa alizoziona Salomon mara nyingi haizioni.

Kisha kikaja chombo cha tatu, mashine ya sumaku, iliyoanza kutumiwa kwa matiti katika miaka ya 1980. Mgonjwa hudungwa dawa mshipani, na kwa kuwa saratani hujifanyia mishipa mingi ya damu, dawa hukusanyika hapo haraka na doa likang'aa. Mashine hii huona hata kilicho kidogo sana. Ubaya wake ni gharama kubwa, na tena mara nyingine huonyesha doa la kutisha ambalo si saratani.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wataalamu wakajiuliza: je, vyombo vikiunganishwa, faida yake ni kiasi gani? Huko Japani walichunguza wanawake zaidi ya 72,000 wenye umri wa miaka 40 mpaka 49. Nusu walipimwa kwa mamografia peke yake, na nusu kwa mamografia pamoja na altrasaundi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Katika kila wanawake 100 wenye saratani, mamografia peke yake iliwagundua 77. Vyombo viwili pamoja viliwagundua 91. Wanafunzi wangu wa hesabu, toeni 77 katika 91. Hao 14 wana majina, wana watoto, na wana waume wanaowangoja nyumbani.

Haki yataka niseme upande wa pili pia. Vyombo viwili pamoja huleta hofu za bure nyingi kuliko kimoja. Wanawake wengi zaidi huitwa tena na kudungwa sindano, kisha hukutwa hawana ugonjwa. Kwa hiyo kuunganisha vyombo hutaka daktari mwenye kufikiri, anayejua chombo gani kinajibu swali gani.

JAMBO LILILOTUFIKA SISI

Naandika haya kwa ruhusa ya mdogo wangu wa kike. Alikuwa na umri wa miaka 38 alipogusa kitu kigumu katika titi lake la kushoto, kadiri ya kunazi moja. Hakikumwuma. Jirani mmoja alimwambia ni maziwa yaliyoganda, mwingine akamletea mizizi. Yeye mwenyewe aliona haya kulisema jambo hilo mbele ya mumewe. Miezi 3 ikapita hivyo. Mwishowe alinieleza mimi, na siku ya pili tukapanda basi.

Daktari alimpapasa kwanza kwa mkono, kisha akamfanyia mamografia. Picha ilitoka nyeupe titi zima, wala doa halikuonekana. Nilikuwapo, na nilikuwa tayari kushukuru Mungu na kurudi nyumbani. Daktari hakuridhika, kwa sababu mkono wake ulikuwa umesikia kitu ambacho picha haikuonyesha. Akamlaza tena na kumpima kwa altrasaundi, na hapo likaonekana doa lenye kingo zisizo sawa, nalo lilikuwa nyama. Akaingiza sindano huku akiiangalia katika kioo cha mashine, akatoa kinyama kidogo kikapelekwa kutazamwa kwa hadubini. Jibu lilikuwa saratani, lakini ndogo, nayo ilikuwa haijatoka mahali pake. Akapasuliwa, akatibiwa kwa dawa, na mwaka huu ni wa 4. Amelima mahindi yake kama kawaida.

Muone basi kwamba katika safari ile hakuna chombo kimoja kilichojitosheleza. Mkono uliona shaka, eksirei ikanyamaza, mwangwi ukaonyesha mahali, sindano ikaleta ushahidi, na hadubini ikatoa hukumu. Kama daktari angeiamini picha ya kwanza peke yake, leo nisingekuwa naandika kwa furaha.

MANENO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Katika nchi yetu wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Dar es Salaam, kando ya bahari, ipo hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, miaka 2 tu baada ya ugunduzi wa Röntgen. Tangu mwaka 1996 imekuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Miali ileile aliyoiona mwalimu yule gizani huwasaidia madaktari kuona ugonjwa, na miali yenye nguvu zaidi hutumiwa huko kuuchoma. Lakini taasisi haiwezi kumtibu mtu aliyekaa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2021 mpango unaotaka mwanamke apate jibu kamili kabla ya siku 60 tangu afike kwa mganga. Siku hizo huanza kuhesabiwa anapofika. Zile za kuona haya na kujaribu mizizi hazimo.

Mama zangu, mkiona uvimbe mpya, au ngozi ya titi iliyobonyea kama ganda la chungwa, au chuchu iliyoingia ndani, au damu inayotoka katika chuchu, nendeni hospitali juma hilohilo. Uvimbe mwingi si saratani, na ndiyo sababu nyingine ya kwenda, ili mwondokewe na wasiwasi. Msingoje maumivu, kwa maana saratani changa mara nyingi haiumi. Hospitali nyingi hazina mamografia, lakini altrasaundi ile wanayopimiwa wajawazito yapatikana mahali pengi zaidi, nayo ni mwanzo mwema. Mkiambiwa picha ni safi na uvimbe bado mwaugusa, ombeni kwa adabu kipimo cha pili. Akina baba, ugonjwa huu huwapata hata wanaume, kadiri ya mmoja katika kila wagonjwa 100. Tena ninyi ndio mara nyingi wenye fedha ya nauli. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi wanafunzi wangu, katika vijiji vya Korogwe na Handeni bado kuna mahali ambapo mgonjwa husafiri siku nzima kuitafuta picha moja, na akiipata huikosa ya pili. Nchi yetu inahitaji wapiga picha, wasomaji wa picha, mafundi wa kutengeneza mashine zinazoharibika, na wauguzi wa kumshika mama mkono anapongoja jibu. Röntgen alifukuzwa shule, akanyimwa kazi, na akaanza tena kila mara na vyombo alivyovitengeneza kwa mikono yake. Wengine walioona karatasi iking'aa gizani wangeweza kuwasha taa na kwenda kula chakula cha jioni. Yeye alibaki akauliza kwa nini. Maabara yetu ina meza 6 na betri chache, na mlango wake huwa wazi kila Jumatano baada ya masomo.